Kiswahili Kipi? Kampuni za Programu Ziseme Mashine Zao Zinashindwa Wapi

Fungua programu ya kutafsiri katika simu yako, kisha shuka katika orodha ya lugha mpaka herufi K, au S kama simu yako imewekwa katika Kifaransa. Utakuta neno moja: Kiswahili. Ukilibonyeza, programu inapokea maneno yako na kutoa jibu bila kusita, kwa herufi zile zile safi inazotumia kwa Kifaransa. Haiulizi kama wewe ni mtu wa Mombasa, wa Unguja, wa Bukavu ama wa Katuba. Wala haikuambii kwamba alama zinazotajwa kama uwezo wake katika Kiswahili zilipatikana kwa kupima Kiswahili cha watu wengine.

Hoja yangu ni hii: kampuni inayouza au kugawa programu ya lugha inapaswa kusema, mahali pale pale panapoandikwa jina la lugha, programu hiyo ilipimwa kwa Kiswahili cha nani na inashindwa wapi. Isiseme katika makala ya utafiti yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Iseme pale kwenye kitufe. Na sisi wa kitivo cha lugha tuna sababu ya kulidai jambo hili kuliko wanafunzi wa informatiki, kwa sababu kasoro yenyewe ni ya lugha kabla ya kuwa ya mashine.

Tuanze na jina. Katika kiwango cha kimataifa cha alama za lugha, ISO 639-3, Kiswahili kina alama ya jumla, swa, na chini yake kuna alama mbili: swh kwa Kiswahili cha pwani na Kiswahili sanifu, na swc kwa Kiswahili cha Kongo. Tofauti hiyo haikubuniwa na wazalendo wa Katanga. Imeandikwa katika orodha ambayo kila mhandisi wa lugha huifungua kabla ya kuanza kazi. Wanaisimu nao hawakungoja simu ije. Walter Schicho alichapisha kitabu kizima kuhusu sintaksia ya Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1982. Vincent de Rooij alichapisha chake mwaka 1996 kuhusu namna watu wa mji huu wanavyochanganya Kifaransa na Kiswahili katika mazungumzo. Asiyejua kwamba Kiswahili chetu kina sarufi yake, basi hakutafuta.

Mwezi wa saba mwaka 2022 kampuni ya Meta ilitoa modeli ya kutafsiri inayoitwa NLLB-200, yenye lugha 200. Lugha zetu nne za taifa, zile zinazotajwa katika kifungu cha kwanza cha Katiba ya 2006, zimo zote: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Ilikuwa haki kufurahi. Lakini ukitazama alama iliyowekwa kwa Kiswahili, ni swh. Swc haimo. Mtu atasema kwamba hakuna kampuni inayoweza kugawa kila lugha katika vipande vyake vyote. Sawa, ila katika modeli hiyo hiyo Kiarabu kimegawanywa: kuna cha Misri, cha Moroko, cha Tunisia, cha Najdi, cha Mesopotamia na vingine, kila kimoja na alama yake. Kwa hiyo walijua kugawa. Kwa Kiswahili hawakugawa.

Kipimo chenyewe kilitengenezwa vipi? Mkusanyo wa majaribio unaoitwa FLORES una sentensi 3,001, zilizochukuliwa kutoka makala 842 ya Wikinews, Wikijunior na Wikivoyage, yaani habari, maelezo kwa watoto na mashauri kwa wasafiri. Watafsiri wa kitaalamu walizihamisha kutoka Kiingereza hadi lugha nyingine. Mashine inapopewa alama ya Kiswahili, alama hiyo inasema ilifika karibu kiasi gani na tafsiri za watafsiri hao. Ni kipimo cha kweli. Kinapima kama mashine inaweza kuandika Kiswahili cha gazeti kuhusu mambo ya gazeti. Hakipimi kama inamwelewa mama anayesema “batoto banaenda ku masomo”, ambapo masomo ni shule yenyewe wala si vipindi vya darasani.

Kwa upande wa sauti hali ni ya kuchekesha kidogo. Mkusanyo wa FLEURS, uliotolewa na watafiti wa Google mwaka 2022, ni watu wanaosoma kwa sauti sentensi zile zile za FLORES katika lugha 102. Lingala ilipewa alama ln_cd, yaani Lingala ya Kongo. Kiswahili kilipewa sw_ke. Hiyo “ke” ni Kenya, na ni Kenya nchi, si komini yetu ya Kenya hapa Lubumbashi. Basi kampuni inapotangaza kwamba mashine yake inasikia Kiswahili kwa kiwango fulani cha FLEURS, maana yake ni kwamba inamsikia mtu anayesoma polepole sentensi ya kitabu kwa matamshi ya Kenya. Mtu anayezungumza bila karatasi, katika teksi, huku anaingiza “donc” na “parce que” na bei kwa Kifaransa, hakupimwa. Labda mashine inamsikia vizuri kabisa. Alama ile haiwezi kutuambia.

Ningekuwa mwongo kama ningesema kwamba watengenezaji wote wananyamaza. Katika ufundi wa programu, kusema kasoro hadharani ni desturi ya zamani. Mwaka 1997 mradi wa Debian, unaotengeneza mfumo huria wa kompyuta, uliandika katika mkataba wake na jamii kwamba hautaficha matatizo, na kwamba orodha nzima ya hitilafu itakuwa wazi kwa kila mtu wakati wote. Mwaka 2019 Margaret Mitchell, Timnit Gebru na wenzao walipendekeza kwamba kila modeli ya akili bandia itolewe pamoja na kadi: imetengenezwa kwa kazi gani, isitumike kwa kazi gani, imepimwa kwa nani, na matokeo yakoje kwa kila kundi la watu badala ya wastani mmoja kwa wote. Mwaka mmoja kabla, Joy Buolamwini na Gebru walikuwa wameonyesha ubaya wa wastani. Programu za kampuni kubwa zilizotambua jinsia ya mtu kwa kutazama uso wake zilikosea kwa wanaume weupe si zaidi ya asilimia 0.8, na kwa wanawake weusi mpaka asilimia 34.7. Ukichanganya makundi yote unapata alama inayopendeza, na mwanamke mweusi anapotelea ndani yake.

Kadi hizo sasa zipo, na nyingine zimeandikwa kwa uaminifu. Kadi ya NLLB-200 inasema wazi kwamba modeli ni ya utafiti na haikutolewa kwa ajili ya kuwekwa katika huduma za watu. Kwamba haikukusudiwa maandishi ya tiba wala ya sheria. Kwamba haifai kutafsiri hati nzima. Na kwamba tafsiri zake zisichukuliwe kama tafsiri zilizothibitishwa. Kadi ya Whisper, modeli ya OpenAI ya mwaka 2022 inayogeuza sauti kuwa maandishi, inaonya kwamba mashine inaweza kuandika maneno ambayo hayakusemwa na mtu yeyote, kwamba uwezo wake haulingani kati ya lugha na lugha, na kwamba haifai kutumiwa pale uamuzi wenye hatari unapofanywa. Sijui duka gani mjini hapa linaloweza kukuambia ukweli wa namna hiyo kuhusu bidhaa yake.

Tatizo ni safari kati ya kadi na kitufe. Kadi imeandikwa Kiingereza na kuwekwa mahali wanapopita wahandisi. Mtu mwingine anaichukua modeli, anaijengea programu nzuri yenye rangi, anaiweka katika duka la simu, na maonyo yote yanabaki nyuma kama mzigo ulioshushwa njiani. Mwaka 2024 shirika la habari la Associated Press liliripoti kwamba zana zilizojengwa juu ya Whisper zinatumika katika hospitali za Marekani kuandika mazungumzo ya daktari na mgonjwa, ingawa watengenezaji wenyewe walikuwa wameonya. Mwaka huo huo watafiti waliochunguza rekodi za sauti za Kiingereza walikuta kwamba katika karibu asilimia 1 ya rekodi mashine iliongeza sentensi au vifungu vizima ambavyo havikusemwa kamwe, na asilimia 38 ya nyongeza hizo zilikuwa na madhara ya wazi, kama vile kubuni habari za ukatili. Hicho ni Kiingereza, lugha iliyolishwa kuliko zote. Katika saa 680,000 za sauti zilizotumika kuifundisha Whisper, lugha nyingine 96 ziligawana takriban saa 117,000.

Kinachofika mpaka kwenye kitufe, kama kuna kinachofika, ni sentensi moja ndogo: “Matokeo yanaweza kuwa na makosa.” Naomba tuiangalie sentensi hiyo kama wanafunzi wa semantiki. Ni kweli kwa kila kitu. Ni kweli kwa kamusi, kwa profesa, kwa mkalimani wa mahakama. Sentensi ambayo ni kweli kwa kila kitu haina habari ndani yake. Kazi yake ni nyingine: siku mambo yakiharibika, kampuni itasema tulikuonya. Karatasi iliyo ndani ya boksi la dawa haiandiki “dawa hii inaweza kudhuru” ikaishia hapo. Inaandika mtoto wa kilo ngapi, mara ngapi kwa siku, na nani asiitumie. Huko ndiko kusema.

Wako wanaofikiri kwamba kunyamaza si kosa, kwa kuwa aliyenyamaza hakudanganya. Sheria ya Ufaransa haioni hivyo. Kwa muda, mfumo wa simu za iPhone ulipunguza mwendo wa simu zenye betri iliyochoka ili zisizimike ghafla. Apple ililithibitisha jambo hilo mwezi wa kumi na mbili mwaka 2017, baada ya watumiaji kupima wenyewe. Mwezi wa pili mwaka 2020 idara ya Ufaransa inayolinda wanunuzi, DGCCRF, ilitangaza faini ya euro milioni 25, ambayo kampuni ilikubali kulipa. Soma vizuri kosa lenyewe: si kupunguza mwendo, jambo ambalo pengine lilikuwa na sababu nzuri ya kiufundi. Ni kutowaambia wanunuzi kwamba kubadilisha mfumo kunaweza kupunguza mwendo wa simu yao. Kwa Kifaransa chao waliita udanganyifu kwa kuacha kusema. Neno hilo “kuacha kusema” lingefaa kupata nafasi katika kozi yetu ya pragmatiki.

Betri ni kitu unachoweza kukipima kwa saa. Kasoro ya lugha haionekani kwa urahisi hivyo, na hapa ndipo ninapoomba subira ya msomaji, kwa sababu ndipo kiini kilipo.

Kipimo cha kawaida cha mashine za sauti ni kiwango cha makosa ya maneno. Unachukua maneno 100 yaliyosemwa, unahesabu mangapi yameandikwa vibaya, mangapi yameachwa na mangapi yameongezwa. Kila kosa ni moja. Kipimo hicho kilizoeleka katika lugha kama Kiingereza, ambamo neno la kukanusha mara nyingi husimama peke yake. Katika Kiswahili kitenzi kimoja kinabeba nafsi, wakati, mtendwa na kukanusha. “Nitakunywa” na “sitakunywa” zinatofautiana kwa silabi moja ya mwanzo. “Umpe mtoto” na “usimpe mtoto” vilevile. Mashine ikiacha “na” katikati ya sentensi, imefanya kosa moja. Ikigeuza “usimpe” kuwa “umpe”, imefanya kosa moja. Katika jedwali la kampuni makosa hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja. Katika chumba cha mgonjwa la kwanza halina maana yoyote, la pili linaweza kuua.

Ongeza sasa matumizi ya kwetu. Sisi tunasema “sikukuya juu nilikuwa mugonjwa”. Mashine iliyofundishwa Kiswahili cha pwani ina sababu nzuri ya kuisoma “juu” kama mahali. Tunasema “kichwa iko inaniuma”. Kwa sarufi ya Kiswahili bora upatanisho umevunjika, na mashine iliyozoea upatanisho itatafuta nomino nyingine inayokubali “i-”, au itatengeneza. Tunataja saa na bei kwa Kifaransa, na kila mfasiri anajua mtego wa “huit heures”, ambayo katika Kiswahili sanifu ni saa mbili, si saa nane. Mtu akiambiwa arudi hospitalini saa nane mchana badala ya saa mbili asubuhi, hakuna neno lililoandikwa vibaya. Kuna mgonjwa aliyekuta dirisha limefungwa. Alama ya wastani haitambui lolote katika haya. Na siombi kampuni zirekebishe yote kwanza ndipo zituuzie. Naomba ziandike: haikupimwa kwa Kiswahili cha Kongo, kukanusha ni mahali inapokosea, usiitegemee kwa saa na kwa dozi. Mistari mitatu.

Kwamba jambo hilo linawezekana kwenye kitufe chenyewe tumekwisha kuona. Kituruki, kama Kiswahili, hakina jinsia katika nafsi ya tatu. Kwa miaka mingi programu ya Google ilichukua sentensi ya Kituruki isiyosema mwanamume wala mwanamke na kuitoa kwa Kiingereza kama daktari mwanamume. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2018 walibadilisha: sentensi fupi ya namna hiyo ikaanza kutoa majibu mawili, la kike na la kiume, yakionyeshwa pamoja. Mashine ilikiri mbele ya mtumiaji, bila makala na bila kadi, kwamba haijui. Nani aliidharau kwa sababu hiyo? Vilevile mwezi wa tano mwaka 2022 Google ilipoongeza lugha 24, Lingala ikiwamo, tangazo lenyewe lilisema kwamba teknolojia hiyo haijakamilika na kwamba bado haijafika kiwango cha Kihispania au Kijerumani. Nawapongeza kwa tangazo. Ila mtu wa Mbandaka aliyefungua programu wiki iliyofuata hakusoma tangazo.

Najua hoja ambayo wengine hapa kitivoni watanijibu nayo, maana nimeisikia katika korido: mashine haina kosa, kosa ni letu, sisi ndio tunaosema Kiswahili kibaya, tujifunze Kiswahili bora na mashine itatuelewa. Hoja hii inaniudhi zaidi ya ukimya wa kampuni. Kwanza, haijibu swali. Hata kama Kiswahili chetu kingekuwa kibaya, kampuni inayoweka neno “Kiswahili” mbele ya mamilioni ya watu wa mashariki na kusini mwa Kongo inajua, au inapaswa kujua, ni Kiswahili gani kitaingia katika maikrofoni. Pili, inafanya ukimya wa kampuni uwe na nguvu ya kufundisha. Mtumiaji ambaye hajaambiwa mipaka ya chombo anaiweka mipaka ndani yake mwenyewe.

Nimemwona jirani yangu, mama muuza unga, akijaribu kuandika ujumbe kwa sauti katika programu moja ambayo haina haja ya kutajwa. Alisema sentensi yake, ikaandikwa ovyo. Akaisema tena polepole. Ikaandikwa ovyo kwa namna nyingine. Mara ya tatu alianza kuigiza Kiswahili cha redio, na alipoona bado, alicheka na kuniambia: “Miye sijue kusema muzuri.” Mama huyo anauza kwa lugha hiyo tangu asubuhi mpaka jioni, anapatana bei, anatania, anaomboleza kwa lugha hiyo. Mstari mmoja juu ya kitufe ungetosha kumwambia kwamba si yeye aliyeshindwa. Hakuuona kwa sababu haupo, na mega zake zilikwenda.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, na sitaikimbia. Kampuni ikilazimika kutangaza kwamba inashindwa kwa Kiswahili cha Kongo, huenda ikachagua njia rahisi: kuiondoa lugha katika orodha, au kutoiongeza nyingine. Soko letu ni dogo mbele yao. Chombo chenye kasoro, watu wanasema, ni bora kuliko kukosa chombo. Nakubali hatari hiyo ipo. Lakini angalia kinachotokea sasa bila tangazo. Wizara, shirika la misaada au hospitali inayotaka kutafsiri maelezo inaona “Kiswahili” katika orodha na kuamini kwamba kazi imekwisha kufanywa. Hakuna anayeajiri mfasiri, hakuna anayelipia ukusanyaji wa sauti za hapa. Kasoro isiyotajwa haipati bajeti. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, ilionekana wazi kwamba maelezo yaliyoandikwa kwa Kifaransa au kwa Kiswahili cha mbali hayakuwafikia watu wote. Shirika la Translators without Borders lilifanya utafiti huko kuhusu maneno ambayo watu walielewa na ambayo hawakuelewa. Wakati ule maandishi yaliandikwa na binadamu. Mlipuko mwingine ukija, maandishi mengi yatapita katika mashine kwanza.

Wala kampuni haziwezi kusema kwamba hazina cha kupimia. Mwaka 2020, kwa ajili ya Covid-19, mkusanyo wa tafsiri unaoitwa TICO-19 ulitolewa bure kwa wote, sentensi zaidi ya 3,000 za mambo ya afya, na kati ya lugha zake kuna Kiswahili na, peke yake, Kiswahili cha Kongo. Kampuni kubwa zenyewe zilishiriki katika mradi huo. Kwa hiyo kuandika alama mbili badala ya moja, ya swh na ya swc, hakuhitaji safari ya Kongo wala bajeti mpya. Kunahitaji mtu mmoja na mchana mmoja.

TICO-19 ni maandishi, na ni maandishi yaliyotafsiriwa. Watu hawasemi hivyo katika foleni ya zahanati. Hapo ndipo kitivo chetu kinaingia. Kila mwaka idara yetu inapokea kazi za mwisho wa mzunguko kuhusu methali, majina ya watoto, maandishi ya kwenye mabasi, na nyingi ni kazi nzuri. Napendekeza kwamba kuanzia mwaka ujao wa masomo wanafunzi kadhaa, chini ya mwalimu mmoja wa isimu, wachukue maelekezo ambayo wauguzi huwapa wagonjwa kila siku: kunywa, usinywe, rudi, usimpe kabla hajala, mara mbili kwa siku, saa fulani. Wayarekodi kama yanavyosemwa Katuba, Kenya na Ruashi, kwa ruhusa ya wasemaji na bila majina yao. Wayapitishe katika programu tano au sita zinazotumika zaidi mjini, na wahesabu si makosa ya maneno tu bali makosa ya kukanusha, ya saa na ya dozi, kila aina katika safu yake.

Matokeo yachapishwe katika jarida hili, kwa Kiswahili na Kifaransa, pamoja na jina la kila programu, toleo lake na tarehe ya jaribio. Kabla ya kuchapisha, kila kampuni ipelekewe jedwali lake na mwezi mmoja wa kujibu, na jibu lake lichapishwe lilivyo. Ikinyamaza, katika safu ya jibu tuandike kwamba ilinyamaza. Rekodi mia mbili zinatosha kuanza. Maikrofoni ya maabara ya fonetiki bado inafanya kazi, nimeuliza.